Hili neno mindfulness lilianzia wapi na lina maana gani hasa

Siku hizi hili neno hulikwepi. Ukifungua simu kuna apu inakwambia uvute pumzi, semina za kazini HR analeta mtaalamu wa mindfulness, washauri nasaha wa Dar na Nairobi wanaliweka kwenye matangazo yao, ila ukiuliza watu watano maana yake utapata majibu matano. Mmoja ni kutulia, mwingine ni kuvuta pumzi, mwingine ni kuwaza mambo chanya tu, mwingine atakwambia hiyo ni dini ya watu usiiguse, na wa mwisho atasema ni umakini basi hamna cha zaidi. Mkanganyiko huu una sababu. Hili neno limepita sehemu tatu tofauti, yaani Kiingereza cha zamani, maandiko ya Wabudha ya lugha ya Kipali, na hospitali moja ya Marekani mwaka 1979, na kila lilipopita liliongezewa maana bila ile ya nyuma kufutwa.

Tunavyofundishwa sisi kwa Kiswahili mara nyingi tunaletewa ile ya hospitali peke yake tunaambiwa ndo yote. Naona tunapunjwa, kwa sababu sehemu zile mbili za mwanzo, Kiingereza na Kipali, ambazo hazikuwahi hata kukutana mpaka karne ya 19, zote mbili zilikuwa zinaongelea kitu kimoja na kitu chenyewe ni kukumbuka. Sio kutulia wala kuvuta pumzi. Kukumbuka.

Tuanze na Kiingereza. Leo ukimuuliza mtu mind ni nini atasema ni akili, na yuko sahihi kwa Kiingereza cha leo, lakini kwenye Kiingereza cha kale, kile kilichoongewa kabla Wanormani hawajavamia Uingereza mwaka 1066, neno lilikuwa gemynd na maana yake kubwa ilikuwa kumbukumbu. Hii maana ya akili au nafsi ilikuja kukua baadaye taratibu mpaka ikaifunika ile ya mwanzo. Mabaki yake lakini yapo kibao tu watu hawayaangalii: remind ni kumkumbusha mtu, bear in mind ni uliweke jambo usije ukalisahau, time out of mind ni zamani sana kiasi kwamba hakuna anayekumbuka, na Uskoti mpaka leo mzee akianza hadithi na "I mind" anamaanisha nakumbuka. Kwahiyo mindful kwa muundo wake ni mtu aliyejaa kumbukumbu, mtu asiyesahau, na mindfulness ni hiyo hali yenyewe, na neno lenyewe tayari lipo kwenye kitabu cha John Palsgrave cha mwaka 1530 cha kuwafundisha Waingereza Kifaransa, miaka mia tatu na zaidi kabla Ubudha haujawa mada Ulaya.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko kwenye Biblia, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuukagua mwenyewe sasa hivi. Chukua Zaburi ya 8 mstari wa 4. Biblia ya King James ya 1611 inasema "What is man, that thou art mindful of him?" na Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union Version iliyokamilika 1952, inasema "Mtu ni kitu gani hata umkumbuke, na binadamu hata umwangalie?" Umeona? Pale Waingereza walipoandika mindful sisi tumeandika umkumbuke, na hatukukosea hata kidogo, kwa sababu kitenzi cha Kiebrania kilichopo pale ni zakar ambacho ni kukumbuka kabisa. Nenda tena Tito 3:1, Kiingereza kinasema "Put them in mind" na Kiswahili kinasema "Uwakumbushe watu". Ni mule mule.

Sasa ilikuwaje neno la kukumbuka likageuka kuwa la kuangalia? Hapo Mswahili anaelewa haraka kuliko wengi, maana kwetu pia kukumbuka hakuishii kichwani. Mtu akikwambia "nikumbuke na mimi mwenzio" hakuombi uwe na picha yake akilini, anaomba umjali, umfanyie kitu. Ukimkumbuka mtu kwelikweli unamwangalia, ndo maana ule mstari wa Zaburi umeviweka viwili hivyo pamoja, umkumbuke halafu umwangalie. Kiingereza nacho kilipita njia hiyo hiyo, kutoka kukumbuka hadi kujali, kutoka kujali hadi kuwa mwangalifu, na kufikia karne ya 20 wanaweza kutangazia abiria wa treni za chini ya ardhi London "mind the gap" na hakuna anayefikiria kumbukumbu tena, ni angalia usitumbukie kwenye uwazi kati ya treni na jukwaa.

Hiyo ndo sehemu ya kwanza na ingebaki ya watu wa Biblia na wazee wa Uskoti kama isingekuwa Ceylon, Sri Lanka ya leo.

Mwaka 1864 kijana mmoja wa Kiingereza, Thomas William Rhys Davids, mtoto wa mchungaji, alienda Ceylon kufanya kazi serikalini maana kisiwa kilikuwa koloni la Waingereza. Akawa hakimu Galle, na ililetwa kesi mbele yake inayohusu mambo ya dini ya Wabudha, kwenye vielelezo kukawa na hati ya lugha ambayo haijui, ndo Kipali chenyewe, lugha ya maandiko ya Wabudha wa dhehebu la Theravada. Mwingine angetafuta mkalimani yakaisha, huyu akaenda kujifunza kwa mtawa mzee wa Kibudha, na alipoachishwa kazi serikalini akarudi Uingereza na Kipali kichwani. Mwaka 1881 alifanya mambo mawili makubwa: alianzisha Pali Text Society, chama ambacho mpaka leo kinachapisha maandiko haya, na akatoa juzuu ya 11 ya ule mfululizo mkubwa wa vitabu vitakatifu vya Mashariki uliokuwa unasimamiwa na Max Müller kule Oxford. Humo ndimo alipoandika right mindfulness kama tafsiri ya samma sati, kipengele cha saba kwenye ile Njia ya Sehemu Nane ya Buddha.

Na alichagua neno hili wakati wenzake wametapatapa. Mmisionari Daniel Gogerly kwenye miaka ya 1840 aliita tafakuri sahihi. Spence Hardy, mmisionari mwingine, kwenye miaka ya 1850 aliona ni kama dhamiri, ile sauti ya ndani ya kupima jema na baya. Robert Childers alipotoa kamusi yake ya Kipali kwenye miaka ya 1870 akarundika maneno kibao, kukumbuka, kuwa makini, kufikiri, kujitambua, yaani unamwona mtu mwenye akili nyingi kabisa anahangaika kwa sababu neno moja la Kiingereza halitoshi. Rhys Davids akaenda kuchukua neno lililokuwa limekaa tu kwenye Biblia, na mimi siamini kama mtoto wa mchungaji aliyekulia kwenye Zaburi alilipata hivi hivi kwa bahati.

Sasa sati yenyewe ni nini? Kwa asili yake ni kumbukumbu, haina mjadala. Ni ndugu wa neno la Kisanskriti smriti, na Wahindu mpaka leo wanaita smriti yale maandiko yao yaliyopokewa kwa kukumbukwa. Kwenye maandiko ya Kipali yenyewe kuna sehemu Buddha anaeleza mtu mwenye sati ni nani, na jibu ni kwamba ni mtu anayekumbuka hata yaliyofanywa na yaliyosemwa zamani. Ukisoma hivyo kwa mara ya kwanza unashtuka, manake hapo hamna habari ya kuwa kwenye wakati uliopo wala pumzi.

Lakini maandiko hayohayo yanafundisha pia kukaa ukaangalia pumzi inavyoingia na kutoka. Ile hotuba maarufu, Satipatthana Sutta, inataja sehemu nne za kuweka sati: mwili, hisia za raha na karaha, hali ya moyo, na mambo yanayopita akilini kwa jinsi mafundisho yanavyoyaeleza. Ukitembea ujue unatembea, pumzi ikiwa ndefu ujue ni ndefu. Hayo ni ya sasa hivi kabisa. Kumbukumbu ya zamani na pumzi ya sasa hivi zinakutania wapi? Hapa ndo watu wengi wanapotea na wanaamua kukata upande mmoja.

Jibu ni rahisi ukijaribu kulitenda. Kaa kimya uuambie moyo wako uifuate pumzi, haitapita dakika utakuta uko kwenye kodi ya nyumba au maneno aliyokwambia mtu juzi. Ulifanya nini kibaya? Hukukosa akili, hukukosa hata umakini, maana kwenye ile kodi ulikuwa makini kweli hesabu zote unazipiga. Ulichofanya ni kusahau. Ulisahau ulichokusudia. Halafu ghafla kuna sekunde unazinduka, aah, mimi si nilikuwa kwenye pumzi? Hiyo sekunde ya kukumbuka ndo sati. Kwahiyo sati haihitaji kumbukumbu ya mambo ya mwaka jana, ni kukumbuka kusudi lako wakati mambo yanaendelea, kulishika lisikuponyoke, na ukiwa na kumbukumbu ya aina hiyo basi ya zamani nayo inakaa vizuri kwa sababu mtu aliyekuwepo kweli jambo likitendeka ndiye anayeweza kulisimulia baadaye.

Rhys Davids mwenyewe aliliona hili. Mwaka 1910 alipotoa na mkewe Caroline tafsiri ya ile hotuba ya Satipatthana alieleza kwamba kwa asili ya neno sati ni kumbukumbu lakini Wabudha walilipa maana mpya, na kuitafsiri kumbukumbu tu ingewapotosha wasomaji. Nakubaliana naye kwa Kiingereza cha memory, ambacho ni kama ghala la mambo yaliyopita. Ila kwa kitenzi chetu cha kukumbuka sioni kama kuna upotoshaji, maana kukumbuka kwa Kiswahili kunaweza kuwa kwa jambo la sasa na la kesho pia, kumbuka kufunga mlango, kumbuka uko ugenini, kumbuka wewe ni baba wa watu.

Maandiko yana mifano yake miwili ambayo inasaidia sana. Mmoja ni wa mlinzi wa lango la mji wa mpakani, mwenye akili, anayewazuia asiowajua na kuwaruhusu anaowajua. Huyo mlinzi ndo sati. Angalia vizuri, mlinzi hatazami tu watu wanavyopita akasema haya wapite wote mimi sihukumu, anawatambua kwa sababu anawakumbuka wenyeji wake. Mfano wa pili uko kwenye Milindapanha, kitabu cha mazungumzo kati ya mfalme Milinda, ambaye ni Menander Mgiriki aliyetawala kaskazini magharibi ya India karne ya 2 kabla ya Kristo, na mtawa Nagasena. Mfalme anauliza sati kazi yake nini, Nagasena anamjibu ni kama mtunza hazina anayemkumbusha mfalme asubuhi na jioni, una tembo kadhaa, farasi kadhaa, dhahabu kiasi hiki, ukumbuke ee mfalme. Sati inamkumbusha mtu lipi jema lipi baya, lipi la kushika lipi la kuacha.

Na pia wana kitu kinaitwa miccha sati, sati potofu. Maana yake kuwa makini peke yake hakukufanyi kuwa mtu mwema. Mwizi anayefungua kitasa saa nane usiku yuko makini kuliko sisi wote, yuko kwenye wakati uliopo asilimia mia, lakini hiyo siyo samma sati kwa sababu amesahau jambo kubwa zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kumbukumbu kuwa nzito hivi kwao. Mafundisho ya Buddha yalikaa vichwani mwa watawa karne kadhaa kabla hayajaandikwa, na kwa mapokeo yao yaliandikwa kwa mara ya kwanza Ceylon karne ya 1 kabla ya Kristo. Sisi tuliolelewa karibu na madrasa tunajua mtu akihifadhi maneno kifuani yanavyombadilisha hata anavyotembea, kwahiyo kwa watu wa namna hiyo kukumbuka na kuwa macho kiroho havikuwa vitu viwili.

Maneno haya yaliposafiri kwenda kwa majirani, wengi waliishika kumbukumbu. Watibeti wanasema dran pa, na ni kukumbuka moja kwa moja. Wachina wanaandika herufi moja, nian, juu ina alama ya "sasa" na chini alama ya "moyo", na utaona watu mtandaoni wanapenda sana kusema unaona, moyo uliopo sasa! Ni maelezo matamu lakini ile alama ya juu imewekwa zaidi kwa ajili ya sauti ya kutamka, na neno lenyewe kwa Kichina ni kukumbuka, kumuwaza mtu, hata kusoma kwa sauti. Wazungu wa leo ndo walioenda njia nyingine. Kijerumani Achtsamkeit ni uangalifu, Kifaransa pleine conscience ni kama utambuzi kamili, Kihispania atención plena ni umakini kamili. Kumbukumbu imedondoka njiani kote huko, kwa sababu wao hawakutafsiri kutoka Kipali, walikuwa wanatafsiri Kiingereza cha karne ya 20 ambacho kilikuwa kimeshasahau mind ilikuwa nini.

Na hicho Kiingereza cha karne ya 20 kilipitia Burma, Myanmar ya leo. Waingereza walipoiteka Mandalay mwaka 1885 na kumuondoa mfalme, watawa waliona dini yao imekosa mlinzi, na mtawa mmoja msomi, Ledi Sayadaw, akaanza kuwafundisha watu wa kawaida mambo ya kutafakari ambayo kabla ya hapo yalikuwa zaidi ya watawa. Hii ni hatua kubwa sana, bila hiyo usingekuwa na apu kwenye simu leo. Baada yake akaja Mahasi Sayadaw, akawa na njia ya kutaja kimoyomoyo kila kinachotokea, tumbo kupanda, tumbo kushuka, kusikia, kuwashwa, na watu walimiminika Rangoon kujifunza. Mmoja wao alikuwa Nyanaponika, mtawa aliyezaliwa Ujerumani kwenye familia ya Kiyahudi kwa jina Siegmund Feniger, na ambaye wakati wa vita kuu ya pili Waingereza walimfunga kambini kwa sababu tu ya pasi yake ya Kijerumani. Kitabu chake cha mwaka 1954 ndo kilileta msemo wa bare attention, umakini mtupu, kuangalia kitu kilivyo kabla hujakiongezea maneno yako. Yeye mwenyewe alieleza kwamba huo ni mwanzo, sehemu ya sati na sio sati nzima. Waliosoma baada yake wengi waliondoka na ule mwanzo.

Sasa hospitali. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi aliyesomea baiolojia ya molekuli kwenye chuo cha MIT na ambaye alikuwa amefanya mazoezi ya Kibudha kwa miaka, alifungua kliniki kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts mjini Worcester. Aliomba madokta wampe wagonjwa ambao dawa zimefika mwisho, wenye maumivu sugu ya mgongo, kichwa, stresi isiyoisha. Kozi ni wiki 8, watu wanakaa, wanaangalia pumzi, wanapitisha fahamu mwilini sehemu moja moja, wanakula zabibu kavu moja taratibu kama hawajawahi kuiona. Aliondoa lugha ya dini yote ili mgonjwa wa dhehebu lolote aingie, na maana aliyoitoa ndo iliyoenea dunia nzima: kuweka umakini kwa namna fulani, kwa makusudi, kwenye wakati uliopo, na bila kuhukumu.

Mimi simlaumu hata kidogo. Kama una maumivu ambayo hayataondoka leo, hiyo bila kuhukumu ni dawa kweli, kwa sababu maumivu yanakuja na hotuba, kwa nini mimi, sitapona, maisha yangu yameisha, na mara nyingi hiyo hotuba inauma kuliko mgongo wenyewe. Mgonjwa akijifunza kuuangalia mgongo bila ile hotuba anapata nafasi ya kupumua. Shida ni pale maelekezo ya mgonjwa wa maumivu sugu yanapochukuliwa kuwa ndo maana nzima ya neno kwa kila mtu kila mahali, mpaka unasikia mfanyakazi anayeonewa kazini anaambiwa awe mindful asihukumu. Yule mlinzi wa lango hayupo tena hapo.

Na kama mkanganyiko haujatosha, mwaka 1989 Ellen Langer, profesa wa saikolojia wa Harvard, alitoa kitabu chenye jina hilohilo Mindfulness na hakiongelei kutafakari kabisa, yeye anamaanisha kuona vitu vipya badala ya kwenda kwa mazoea, kinyume cha kufanya mambo kama umelala. Kwahiyo ukisoma makala za saikolojia hakikisha kwanza mwandishi anaongelea ya nani.

Je inafanya kazi? Inategemea unataka ifanye nini. Mwaka 2000 Teasdale, Segal, Williams na wenzao walichapisha utafiti wa kozi yao iliyochanganya mazoezi haya na tiba ya saikolojia kwa watu waliowahi kuugua sonona na kupata nafuu. Kwa wale waliokuwa wameugua sonona mara tatu au zaidi, waliopata huduma ya kawaida tu walirudi kuugua asilimia 66, waliopitia kozi asilimia 37. Hiyo ni tofauti kubwa. Kwa waliougua mara mbili tu haikusaidia. Mwaka 2014 Goyal na wenzake walikusanya majaribio 47 yenye watu 3,515 wakakuta ushahidi wa wastani kwamba kutafakari kunapunguza wasiwasi, sonona na maumivu, ila hakukuwa na ushahidi kwamba kunazishinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili, na kwenye umakini wenyewe, hicho kitu ambacho sisi tumelitafsiri neno zima kuwa hicho, ushahidi ulikuwa dhaifu au hautoshi. Halafu 2022 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa la mashuleni Uingereza, wanafunzi zaidi ya 8,000, na waliofundishwa mindfulness darasani hawakuwa na nafuu kuliko wenzao. Ukimfundisha mtoto wa miaka 12 ambaye hajaomba na hajui ni ya nini, unampa umakini bila kusudi la kukumbuka, kwahiyo mimi matokeo yale hayakunishangaza.

Kuhusu dini, maana hili swali linaulizwa sana kwetu. Kozi ya hospitali haina ibada ndani yake, lakini mazoezi yake yametoka kwa Wabudha na hakuna haja ya kuficha hilo. Wabudha wenyewe sio wageni hapa, hekalu lao liko Upanga Dar es Salaam, liliwekwa na Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon hiyohiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwislamu wa pwani akiuliza kwetu kuna nini cha namna hii, kuna dhikri, na dhikri kwa Kiarabu ni kukumbuka, yaani kumkumbuka Mungu kwa ulimi na moyo, na halaka za tarika ya Qadiriyya ambazo Sheikh Uways wa Barawa alizisambaza Zanzibar na Mrima kabla ya kufa kwake 1909 bado zinaendelea. Kuna khushui, ule utulivu wa moyo kwenye swala ambao ukiupoteza unajikuta huna hakika uko rakaa ya ngapi. Mkristo ana "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu". Sisemi ni kitu kimoja, hapana, anayefanya dhikri anamkumbuka Mola wake na mtawa wa Kibudha hakumbuki Mungu, anakumbuka njia. Kinachokumbukwa ni tofauti kabisa. Ila kile kitendo cha moyo kuponyoka, kuzinduka na kurudi, hicho kila mtu aliyewahi kuswali au kusali anakijua bila kufundishwa na apu.

Sasa tuliiteje kwa Kiswahili? Wengi wanasema umakini na sio neno baya, makini imetoka Kiarabu makin, aliye imara, aliyetulia mahali pake, na mtu makini kwetu ni zaidi ya mtu anayekodolea macho. Wengine wanaandika uzingativu, nalo lina uzito wake, maana kuzingatia ni kulishika jambo kichwani wakati unatenda, ukiambiwa zingatia masharti hujaambiwa uyatazame. Kwa kozi ya hospitali ya wiki 8 ningechukua uzingativu. Kwa sati kwenye maandiko ya Wabudha ningesema kukumbuka bila kuogopa, na pale anayeelekeza mazoezi anapofika kwenye ile sekunde mtu anagundua amepotea, asiseme "rudisha umakini wako kwenye pumzi" kama anaongea na mashine, aseme tu "ukizinduka, kumbuka pumzi". Msikilizaji wa Tanga au wa Kigoma atajua la kufanya hapohapo.